Maji Yaliyolala Bombani Si Maji ya Ardhini

"Maji ni maji, chota tu tuondoke." Nimeambiwa tena juzi, na mwenye kituo cha mafuta hapa Dar es Salaam. Visima vyake vya ufuatiliaji vilichimbwa ili ijulikane kama matangi yanavuja, naye anataka fundi atumbukize kichoteo cha kamba, ajaze chupa, basi.

Maji yaliyosimama ndani ya bomba la kisima, juu ya skrini (sehemu yenye matundu yanayoingiza maji ya ardhini), hayapitiwi na maji mapya. Yamekaa yakikutana na hewa. Kaboni dioksidi imetoka, pH (kipimo cha uasidi) imepanda. Oksijeni imeingia, madini ya chuma yaliyoyeyuka yamegeuka kutu na kutuama chini. Benzini, kemikali ya sumu iliyomo kwenye petroli, ambayo ndiyo tunayoitafuta, imeruka hewani. Chota hayo upeleke maabara, utaletewa ripoti safi kabisa ya maji ambayo hakuna jirani anayeyanywa.

Kina cha maji kipimwe kwanza, kabla pampu haijaguswa, kutoka alama ileile kwenye mdomo wa bomba. Karibu na bahari andika na saa, maana bahari ikijaa na kupwa, kisima nacho kinapanda na kushuka.

Sasa kuna hawa wenzetu wa "nimetoa ujazo mara tatu", yaani kabla ya kuchota sampuli wanatoa mara tatu ya maji yaliyosimama bombani. Bomba la milimita 50 lina takriban lita 2 kwa kila mita, kwa hiyo mita 10 za maji ni lita 20, unatoa 60. Hesabu ni sahihi, lakini hiyo tatu ni mazoea tu, ardhi haiijui. Kisima cha kwenye mfinyanzi kitakauka kabla hujafika huko, na kikianza kujaa upya maji yanachuruzika kwenye kuta za skrini huku yakijichanganya na hewa, balaa lilelile tulilokuwa tunalikimbia. Cha kwenye mchanga mzuri kina hila nyingine: pampu ikiwa chini ndani ya skrini, unaweza kumwaga lita zote 60 na maji mafu ya juu yasisogee. Kisha mtu anavuta pampu juu kidogo "apate maji masafi", anachota mafu hayohayo, na kwenye fomu anaandika kwamba utaratibu umefuatwa!

Mimi huvuta polepole, chini ya nusu lita kwa dakika, dipa (kifaa cha kupimia kina cha maji) ikiwa kisimani nione kama maji yanashuka. Kila baada ya dakika chache nasoma vipimo. pH ikibaki ndani ya 0.1 na upitishaji umeme ndani ya asilimia 3, mara tatu mfululizo, najaza chupa. Ndiyo, tatu tena, najua.

Na vipimo kutulia hakunitoi wasiwasi. Skrini ndefu ikipita kwenye mchanga na tope, maji mengi yatatoka kwenye mchanga, popote ulipoiweka pampu. Huku pwani skrini moja inaweza kugusa maji matamu juu na ya chumvi chini, nawe ukapata mchanganyiko usiokuwepo popote ardhini.

Kwa metali nachuja kwa kichujio chenye matundu ya mikroni 0.45 ndipo natia asidi ya naitriki. Ukianza na asidi, utayeyusha tope lenyewe. Hata hivyo chembe ndogo kuliko tundu hupita, nasi tunaziita "zilizoyeyuka". Ripoti isiyosema kama sampuli ilichujwa, usiilinganishe na ya mwaka jana.