Jua la Njombe halichomi, linawezaje kuharibu virusi ndani ya chupa?

Mwezi wa saba, ukilaza chupa ya maji juu ya bati hapa Njombe, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, tangu asubuhi, jioni unaweza kuikuta bado ya baridi. Ndiyo maana watu hucheka wakiambiwa jua hilo limeyasafisha maji. Jua gani, hili linaloshindwa hata kukausha soksi?

Kumbe kazi kubwa haifanywi na joto. Inafanywa na miale ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho. Kila ukipanda mita 1,000 miale hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10, maana hewa ya kuichuja inapungua. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari.

Kirusi hakili wala hakipumui. Ni ganda la protini lililofunga maelekezo ya kutengeneza nakala zake, basi. Miale mikali ikiyapata maelekezo hayo, herufi mbili zilizo jirani hugandana, na seli ya utumbo wa aliyekunywa maji ikijaribu kuyasoma inakwama hapo. Ganda linaweza kubaki zima: bahasha ipo, barua imeliwa na panya.

Ila plastiki ya chupa huzuia sehemu kubwa ya miale hiyo mikali. Inayopita ni ile ya upole, nayo hupitia njia ya kuzunguka: huichokoza oksijeni iliyomo majini, ndiyo inayovishambulia virusi. Ndiyo sababu inachukua muda. Chupa angavu isiyozidi lita 2 inahitaji saa 6 za jua. Mawingu yakifunika zaidi ya nusu ya anga, siku 2 mfululizo. Tukuyu kwenye masika, mvua haikatiki, usijisumbue, washa jiko. Maji ya tope nayo hayafai, kwa sababu mwanga haupenyi.

Dawa ya klorini huingia kwa mlango mwingine. Inaunguza protini za ganda pamoja na maelekezo ya ndani. Hapa sasa baridi yetu inatugharimu, kwa kuwa klorini hufanya kazi polepole kwenye maji ya baridi. Zile dakika 30 za kawaida hazitoshi asubuhi ya kipupwe. Mimi husubiri saa nzima.

Kuna kirusi kimoja kikaidi, adeno. Maelekezo yake yako kwenye nyuzi mbili zinazolingana. Jua likiharibu uzi mmoja, seli ya mgonjwa yenyewe hukirekebishia kwa kuufuatisha ule mzima! Klorini haijali ukaidi huo, inakimaliza upesi.

Na wa kuchemsha je? Huku maji hutokota yakiwa na nyuzi joto 93 hivi, hayafiki 100 kama ya pwani. Kwa virusi zinatosha. Yakishatokota vizuri kwa dakika 3, ipua.