Basenji na Kipimo cha Fanconi: Namna ya Kuzalisha Bila Kuwatupa Wabebaji

Basenji, mbwa mwepesi wa wawindaji wa misitu ya Kongo, ni miongoni mwa mbwa wa nasaba ambao magonjwa yao ya kurithi yamechunguzwa kwa kina. Vyama vya wafugaji havikubaliani juu ya kundi lake: United Kennel Club ya Marekani humweka pamoja na mbwa wanaowinda kwa macho, kama saluki na greyhound, ilhali shirikisho la kimataifa la FCI humhesabu katika mbwa wa asili ya kale. Kwetu sisi madaktari wa mifugo ubishi huo hauna uzito mkubwa, kwa kuwa yaliyompata yanaweza kuipata aina yoyote ya mbwa iliyoanzishwa na wazazi wachache.

Nao walikuwa wachache kweli. Basenji wa Ulaya na Marekani walitokana na mbwa wa kuhesabika waliotolewa Kongo na maeneo ya jirani kuanzia miaka ya 1930, na baada ya hapo daftari la nasaba likafungwa, yaani mtoto hakuandikishwa isipokuwa wazazi wake wote wawili wawe wameandikishwa. Katika hali hiyo, jeni yenye kasoro iliyoletwa na mbwa mmoja husambaa kimyakimya kwa vizazi kadhaa, kwa sababu mwenye nakala moja tu ya jeni hiyo, anayeitwa mbebaji, haonyeshi dalili yoyote, mpaka ndugu wawili walioibeba wapandishwe.

Ugonjwa wa kwanza kukabiliwa ulitokana na upungufu wa kimeng'enya cha pyruvate kinase, ambao husababisha chembe nyekundu za damu kuvunjika kabla ya wakati wake na kumuua mbwa akiwa bado kijana. Kipimo cha kuwatambua wabebaji kilipopatikana, wafugaji wengi waliwaondoa kabisa katika uzalishaji. Ugonjwa ulipungua sana, lakini pamoja na wabebaji hao zilipotea jeni nyingi zisizo na kosa, na mbwa waliosalia wakazidi kuwa na undugu wa karibu. Ndipo matatizo mengine, hasa ugonjwa wa figo wa Fanconi, yalipoanza kujitokeza kwa wingi. Wataalamu wa jenetiki hulitaja tukio hili mara kwa mara, na kwa maoni yangu bado halijazingatiwa vya kutosha na wafugaji wanaotaka kuonekana wasafi kuliko wenzao.

Katika ugonjwa wa Fanconi, mirija midogo ya figo hushindwa kurudisha mwilini sukari, amino asidi, fosfeti na bikaboneti, vyote vikatoka na mkojo. Mbwa hunywa maji kupita kiasi, hukojoa mara kwa mara, hukonda, na asipotibiwa damu yake huzidi kuwa na asidi mpaka afe. Kwa kuwa mkojo una sukari, wapo wanaotibiwa kisukari kimakosa, ilhali sukari ya damu yao ni ya kawaida. Kupima damu na mkojo siku hiyo hiyo kunatosha kuondoa mkanganyiko huo. Wakigunduliwa mapema, wengi huishi miaka mingi kwa kupewa bikaboneti na virutubisho kwa usimamizi wa daktari. Ugumu kwa mfugaji ni kwamba dalili huanza kwa kawaida kati ya umri wa miaka 4 na 8, wakati ambapo mbwa huyo ameshazaa, na pengine wajukuu wake wameshauzwa.

Kwa hiyo kipimo cha vinasaba kilileta mabadiliko makubwa. Mwaka 2007 kilianza kutumika kipimo kilichokisia hali ya mbwa kwa kuangalia alama zilizo jirani na jeni husika, na mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Missouri wakatoa kipimo kinachoisoma kasoro yenyewe. Sampuli huchukuliwa kwa usufi ndani ya shavu, na mtoto wa mbwa anaweza kupimwa kabla hajauzwa. Mbebaji akipandishwa na asiye na kasoro, kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuwa mbebaji au kuwa huru, yaani bila jeni yenye kasoro, na hakuna atakayeugua. Hatari ni kuwapandisha wabebaji wawili, kwa kuwa hapo kila mtoto ana uwezekano wa asilimia 25 wa kupata ugonjwa. Mbebaji mwenye moyo mzuri, macho mazuri na tabia tulivu, hasa anayetoka katika ukoo adimu, anastahili kuzalishwa na mwenzi aliye huru, kisha watoto wapimwe na walio huru wapewe nafasi ya kwanza katika kizazi kinachofuata. Jike wa basenji kwa kawaida huingia joto mara moja tu kwa mwaka, hivyo majibu yawe mkononi mapema.

Njia nyingine ni kuleta damu mpya. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wafugaji wa Marekani walirudi Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, wakachukua mbwa vijijini, na mwaka 1990 American Kennel Club ikakubali kuwaandikisha.

Si kila ugonjwa una kipimo cha namna hii. Mbwa mkubwa wa Ireland, Irish Wolfhound, husumbuliwa na kutanuka kwa misuli ya moyo, na hakuna jeni moja inayoweza kupimwa ikatoa jibu la uhakika. Mbwa wa uzazi wa aina hiyo hupimwa moyo kwa altrasaundi na ECG (kipimo cha umeme wa moyo) mara kwa mara, kwa sababu moyo uliokuwa mzima mwaka jana unaweza kuwa umeharibika mwaka huu. Wakati huohuo, daktari asiyewazoea mbwa wa mbio anaweza kuwaona wagonjwa bure: greyhound mzima huwa na chembe nyekundu nyingi na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, chache kuliko mbwa wengine, na homoni yake ya tezi ya shingo huwa chini kwa maumbile.

Anayenunua mtoto wa mbwa, awe Nairobi, Dar es Salaam au Muscat, afahamu kwamba cheti cha nasaba huthibitisha ukoo tu, wala hakisemi lolote kuhusu figo au moyo. Aombe majibu ya vipimo vya baba na mama, yenye namba ya kitambulisho cha kielektroniki inayolingana na mbwa aliye mbele yake. Taasisi ya OFA ya Marekani huweka majibu mengi wazi mtandaoni, na yeyote anaweza kuyatafuta kwa jina la mbwa au namba yake ya usajili kabla ya kulipa.