"They" ya mtu mmoja si uzushi wa juzi

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ukidai kwamba viwakilishi vya Kiingereza visivyotaja jinsia vimebuniwa juzi na vijana wa mitandaoni, na kwamba "they" kwa mtu mmoja ni kosa jipya. Si kweli. Matumizi hayo yamo katika maandishi ya Kiingereza tangu karne ya 14. Hata vya kubuni vina umri: "thon", kiwakilishi cha mtu mmoja kisichotaja jinsia, kilibuniwa Marekani mwaka 1858, kikaingia katika kamusi kubwa mwaka 1934, na toleo la 1961 likakiacha.

Kuhakiki ni rahisi: fungua kamusi ya kihistoria ya Kiingereza, tafuta "they", usome mifano na miaka yake.

Wengi tunachanganyikiwa kwa sababu shuleni tulikaririshwa "he" kwa mtu yeyote. Tena sisi wenye "yeye" hatujawahi kulazimika kuchagua. Na "you" je, ambayo leo ni ya mmoja na ya wengi? Zamani ilikuwa ya wengi. Mmoja aliambiwa "thou". Anayeandika "thou" leo katika barua yake anatumia neno la kale, hakubuni kitu; ndivyo ilivyo na "they" ya mtu mmoja.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Mjibu kwa upole aliyekutumia, umwonyeshe miaka hiyo.