Kumpasha Farasi Misuli Kabla ya Kumpanda: Maswali na Majibu

Farasi hutoka bandani akiwa na nguvu tele. Kwa nini apashwe misuli?

Nguvu anazo, lakini mwili wake bado umetulia. Moyo wa farasi mzima aliyepumzika hupiga takriban mara 28 hadi 44 kwa dakika, na akipiga shoti kwa nguvu zake zote mapigo hayo hupita 200. Akiba kubwa ya chembe nyekundu za damu huwa imo ndani ya bandama, na hutoka kuingia kwenye mzunguko wa damu pale tu bandama inapojikaza mnyama anapoanza kujitahidi. Misuli iliyopata joto hupokea oksijeni kwa urahisi zaidi na hunyumbuka bila kuchanika. Zaidi ya hayo, farasi hana mtulinga (mfupa unaounganisha bega na kifua), kwa hiyo miguu yake ya mbele haikuungwa na kiwiliwili kwa mfupa hata mmoja, bali imeshikiliwa na misuli na kano peke yake, na ndiyo inayopokea sehemu kubwa ya uzito wake na wa mpandaji.

Nianze vipi?

Anza kwa kutembea, na usiwe na haraka. Dakika kumi za mwendo wa kawaida, hatamu zikiwa zimelegezwa ili anyooshe shingo na kushusha kichwa, zina faida kuliko zoezi lolote litakalofuata, kwa kuwa kila hatua huukamua na kuurudisha ute unaolainisha viungo na kulisha gegedu, yaani tishu laini inayofunika ncha za mifupa. Farasi aliyesimama bandani usiku kucha, au mzee mwenye yabisi ya viungo, huhitaji dakika kumi na tano au zaidi. Ningefurahi sana kama kila saisi, yaani mtunza farasi, angeruhusiwa kumtembeza farasi kwa mkono kabla mpandaji hajafika, maana mara nyingi mwenye farasi huja amechelewa, na muda unaokatwa ni huu.

Ukanda wa tandiko nao ukazwe kwa awamu. Farasi wengi hutunisha kifua unapofungwa mara ya kwanza; mtembeze kidogo, kisha ingiza vidole kati ya ukanda na ngozi, utaona umelegea. Kaza tundu moja, si matatu kwa mpigo. Wakati wa kupanda, simama juu ya kigogo au ngazi fupi, kwani kujivuta kutoka chini huyumbisha tandiko na kuuminya mgongo ambao haujapata joto.

Baada ya kutembea?

Mpeleke telki nyepesi, yaani mwendo wa kukimbia polepole, kwa dakika tano hadi kumi, ukipita kwenye duara pana na kubadilisha upande mara kwa mara. Duara dogo hulemaza viungo visivyo tayari. Mwendo wa kasi na kuruka vizuizi vije mwisho kabisa.

Je, nimvute miguu kumnyoosha kabla ya kutoka?

Hapana. Msuli baridi ukivutwa kwa nguvu waweza kuumia. Mazoezi ya kunyoosha, kama ya kumfuatisha karoti hadi ubavuni, yafanywe baada ya kazi.

Hali ya hewa hubadilisha nini?

Mengi. Asubuhi za Juni na Julai jijini Nairobi, kwenye mwinuko unaokaribia mita 1,700, farasi aliyenyolewa manyoya afunikwe blanketi kiunoni anapoanza kutembea. Kwenye fukwe kama Diani joto halihitaji kutafutwa, lakini kutembea hakurukwi: fupisha telki, na umpitishe kwenye mchanga mbichi ulioshikana, kwa sababu mchanga mkavu unaodidimia hulemea kano za nyuma ya miguu.

Nitajuaje kwamba yuko tayari, au kwamba nisiendelee?

Aliye tayari hurefusha hatua, mgongo wake huachia, na mara nyingi hupumua kwa mkoromo mlaini huku akitafuna lijamu, yaani chuma cha hatamu kilicho mdomoni. Akichechemea hata baada ya kutembea, rudini bandani. Akikakamaa misuli ya makalio, akatoka jasho jingi, akakataa kusogea, au akakojoa mkojo wa rangi ya strungi, huenda misuli inaharibika: shuka papo hapo, usimlazimishe hata hatua moja, mpe maji, na umwite daktari wa mifugo bila kungoja hadi kesho.