Koneksheni za madevelopa mtandaoni: tunachoaminishwa na mambo yalivyo

Madevelopa, sisi waandika programu, tunaambiana mengi sana kuhusu kutafuta koneksheni mtandaoni, na mengine ukiyachunguza kidogo tu unakuta hayana kichwa wala miguu. Mi naona shida yetu kubwa ni kuhesabu. Tunahesabu wafuasi, tunahesabu laiki, tunahesabu viboksi vya kijani vya GitHub, wakati mtu atakayekupa dili anaangalia kitu kimoja, kama ashawahi kuona kazi yako au anamjua mtu aliyeiona. Haya twende.

"Jaza koneksheni LinkedIn, zikifika maelfu kazi zinakuja zenyewe"

Hapana. LinkedIn, ule mtandao wa mambo ya kazi, mwisho wake ni koneksheni 30,000, na unaweza kuzijaza zote ukakosa hata mtu mmoja wa kukutaja kazini kwao. Ila kuna wengine nao wanavuka upande wa pili, wanasema basi wanaofaa ni washkaji zako wa karibu tu, na hiyo pia sio kweli. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alieleza kwamba taarifa za kazi mara nyingi zinatoka kwa watu tunaofahamiana nao juujuu, sababu washkaji wa karibu wanajua yaleyale unayojua we, mko magrupu yaleyale mnatumiana linki zilezile. Sasa mwaka 2022 jarida la Science likatoa utafiti uliofanyika ndani ya LinkedIn, watu zaidi ya milioni 20 kwa miaka mitano, walikuwa wanachezea ile sehemu inayokupendekezea watu alafu wanaangalia nani anahamia kazi mpya. Ikaonekana kweli watu wa juujuu wanasaidia kuliko wa karibu, lakini sio wale usiowajua kabisaa, wanaosaidia zaidi ni wa katikati, yaani kuna watu kadhaa mnaowafahamu wote japo nyie wawili hampigi stori kila siku. Na kwenye sekta za kidijitali, yaani huku kwetu, nguvu ya hao watu ndo ilionekana zaidi.

Kwaiyo yule mliyefanya naye projekti moja zamani mkapoteana, mtafute. Huyo ndo koneksheni, sio mamia ya watu uliowabonyezea kitufe usiku mmoja bila hata kusoma wanafanya nini.

"GitHub lazima iwe kijani kila siku"

Hii imeumiza watu jamani. GitHub ni tovuti tunapoweka msimbo wetu, na profaili yako ina chati ya viboksi, siku uliyofanya kazi kiboksi chake kinakuwa kijani. Kuna mtu anaamka usiku anarekebisha koma kwenye README (faili la maelezo ya projekti) ili siku isipite nyeupe. Kwanza ile chati haihesabu kazi yako yote, komiti (badiliko moja la msimbo ulilohifadhi) inaingia kama imefika kwenye branchi kuu, yaani toleo kuu, ya ripo (hifadhi ya projekti) na kama imeelyu uliyotumia imeunganishwa na akaunti yako, komiti ulizoacha kwenye foki (nakala yako ya ripo ya mtu) hazihesabiwi, na za ripo binafsi hazionekani kwa wengine mpaka uruhusu mwenyewe. Developa anayefanya kazi nzito kampuni miaka mitano anaweza kuwa na chati nyeupe kama karatasi. Pili inadanganyika kirahisi mno, Git, ile programu inayotunza historia ya msimbo, inakuruhusu kuandika tarehe yoyote kwenye komiti, ndo maana kuna watu wamechora mpaka maneno kwa viboksi vya kijani. GitHub wenyewe mwaka 2016 waliondoa ile hesabu ya siku mfululizo kwenye profaili.

Anayejua kazi akifungua profaili yako hahesabu viboksi. Anachagua ripo moja, anasoma README kama inaeleza projekti inafanya nini na inawashwaje, anapitia meseji za komiti, na akiwa na muda anaangalia ulivyojibu pale mtu alipokukosoa. Hapo kwenye kujibu ndo watu wengi wanachujwa na hawajui.

"Opensosi ni kutuma PR nyingi tu, jina linakua"

Opensosi ni miradi ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote, na PR ni ombi la kuingiza badiliko lako kwenye mradi wa mtu. Hacktoberfest ya 2020 ilionyesha hii inaishia wapi. Ni kampeni ya opensosi ya kampuni ya DigitalOcean ya kila Oktoba tangu 2014, na mwaka ule ulikuwa ukituma PR nne unapata tisheti, basi watu wakafurika kwenye miradi ya wengine, mmoja anaongeza neno la sifa kwenye README, mwingine anasogeza nafasi, wanaotunza miradi wakachoka kufuta takataka mpaka ndani ya siku chache waandaaji wakabadili sheria, mradi ukawa hauhesabiwi bila wenyewe kukubali kushiriki. Watu walipata jina kweli, ila sio lile walilotaka.

Na sio lazima uanze na msimbo. Ripoti nzuri ya hitilafu inakutambulisha vizuri tu: toleo gani unatumia, mfumo endeshi gani, hatua ulizofuata moja mbili tatu, ulitegemea nini kitokee, kikatokea nini, na maandishi ya kosa yenyewe yakiwa yamebandikwa kama maandishi, sio picha ya skrini iliyopigwa kwa simu. Mtunza mradi akipata ripoti ya hivo mara mbili tatu kutoka kwa mtu mmoja, jina analishika bila kulazimishwa.

"Haya mambo ni ya wanaojua kuongea, mi mkimya"

Mtandaoni huku tunaandika bana. Linus Torvalds tarehe 25 Agosti 1991 aliandika ujumbe mfupi kwenye grupu la watumiaji wa Minix, mfumo endeshi mwingine wa wakati huo, akasema anatengeneza mfumo endeshi, ni hobi tu, haitakuwa kitu kikubwa, akauliza watu wanapenda nini na hawapendi nini kwenye Minix. Basi. Hakujisifia, alitaja anachofanya akauliza swali linalojibika, na hicho kitu ndo leo tunakiita Linux. Simaanishi posti yako itazaa Linux, namaanisha ukimya wako sio kisingizio.

"Ukimwandikia mkubwa mwombe kazi moja kwa moja, kusita ni woga"

Kuomba sio dhambi, ila angalia meseji hii: "Habari mkuu, naomba unisaidie koneksheni ya kazi, niko tayari kwa chochote." Huyo mkuu afanye nini nayo? Hajui unafanya nini, hajui amwambie nani. Sasa soma hii: "Habari, nimeona ulivyotoa ile sistimu ya foleni mkaweka jedwali la kawaida ndani ya PostgreSQL. Nami nimefanya hivo ila programu mbili za kuchakata zinachukua rekodi moja kwa wakati mmoja. Nyie mlizuiaje?" Hii inajibika kwa mstari mmoja, atakwambia tumia SKIP LOCKED (amri ya hifadhidata ya PostgreSQL inayofanya programu moja iruke rekodi iliyoshikwa na nyingine), unaijaribu, unarudi kumwambia imekubali na umeona nini kingine. Kurudi kutoa majibu ndo watu wengi hawafanyi, wanachukua jibu wanapotea. Mkishaongea hivo mara mbili tatu, siku ukiuliza kama kwao wanaajiri sio ombi la mtu baki tena.

"Kuweka alama ya kutafuta kazi ni kujidhalilisha"

Hayo ni maneno ya watu tu. LinkedIn inakupa njia mbili, ionekane na wote, au waione waajiri peke yao. Ila kama una kazi jua kwamba hiyo ya pili inajaribu kuwaficha waajiri wa kampuni yako lakini LinkedIn wenyewe hawakuhakikishii asilimia mia.

"Rikruta akikufata inboksi ujue ushatoka"

Taratibu, huyo rikruta, yaani mtu wa kutafutia kampuni wafanyakazi, anaweza kuwa tapeli. Machi 2022 mtandao wa sarafu za kidijitali wa Ronin wa gemu ya Axie Infinity uliibiwa zaidi ya dola milioni 600, FBI, wapelelezi wa Marekani, wakasema ni kundi la wadukuzi la Lazarus la Korea Kaskazini, na baadaye mwaka huohuo ikaripotiwa kwamba mlango ulikuwa injinia mmoja aliyefatwa LinkedIn na kampuni hewa, akafanyishwa intavyu kadhaa, akatumiwa ofa nono kwenye PDF, akaifungua. Siku hizi wanatumia hata mtihani wa kuandika programu: "shusha hii ripo, iwashe, rekebisha hitilafu hii, una saa moja". Unaandika npm install (amri ya kushusha pakiti za JavaScript), na skripti ya postinstall (maagizo ya kuendeshwa baada ya kushusha) iliyofichwa kwenye moja ya pakiti inajiendesha bila kukuuliza, inasomba nywila na funguo zako. Kwaiyo kabla hujawasha kitu cha mtu usiyemjua fungua package.json (faili linaloorodhesha pakiti na skripti za projekti) usome sehemu ya skripti, install kwa kuweka --ignore-scripts, na kazi yote ifanyie ndani ya mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako) isiyo na akaunti zako. Kampuni aliyoitaja nenda kwenye tovuti yao mwenyewe uwaulize kama huyo mtu ni wao, na huyo rikruta akikuharakisha ili usipate muda wa kuuliza mtu, mripoti umbloki.