"Mwambie mama hayupo"

Binti wa miaka 6 alikuwa akicheza kwenye zulia la chumba changu cha ushauri. Mwanasesere mkubwa, ndiye mama, alimkaripia mdogo: "Kusema uongo ni vibaya, umesikia?" Kisha binti akaokota kipande cha mbao, akakiweka sikioni mwa yule mdogo kama simu, akamnong'oneza: "Mwambie mama hayupo." Mchezo ukaendelea. Kwake maneno hayo mawili hayakugombana hata kidogo.

Wazazi huniuliza kama mtoto mdogo hivyo anatambua kwamba tunasema hili na kutenda lile. Anatambua, tena mapema kuliko tunavyodhani. Kinachoniumiza zaidi ni anachojifunza baada ya kutambua.

Mwaka 1970, watafiti Bryan na Walbek wa Marekani walichapisha majaribio kuhusu ukarimu. Watoto walimwona mtu akihubiri kutoa au kutotoa, huku mwenyewe akitoa au akizuia mkono. Ilipofika zamu yao, watoto walifuata alichotenda. Walipotakiwa kumwambia mwenzao la kufanya, walirudia alichohubiri. Yaani mahubiri hayakupotea bure: yaliwafundisha kuhubiri.

Uongo nao una njia yake. Katika utafiti wa Hays na Carver wa mwaka 2014, baadhi ya watoto waliambiwa chumba cha pili kina bakuli la peremende, halafu mtafiti akakiri kwamba amewadanganya. Baadaye wote walikatazwa kuchungulia mwanasesere aliyewekwa nyuma yao. Kati ya waliokwisha kuanza shule, waliochungulia walikuwa takriban asilimia 60 kwa wale ambao hawakudanganywa, na karibu 80 kwa waliodanganywa; na waliodanganywa walikuwa wepesi zaidi kukana. Wadogo zaidi hawakuonyesha tofauti hiyo. Kwa hiyo ule umri tunaouita wa kuanza kupata akili ndio hasa wa kuchunga ndimi zetu.

Siamini kwamba mzazi anatakiwa awe malaika. Anatakiwa tu asimwachie mtoto fumbo hilo alitegue peke yake. Mama wa binti yule alijikaza, akamwambia: "Siku ile nilikutuma useme uongo. Sikutaka kuongea na yule mtu, na niliogopa kumwambia. Nilikosea."

Binti akafikiri kidogo, akauliza: "Sasa akipiga tena, tutamwambiaje?"