Kishazi tegemezi cha Kiingereza na neno linalokitangulia

"Sultan Hamad died. Khalid entered the palace. The British were angry. They gave him time. He refused. They fired."

Hivi ndivyo mwongoza watalii anayeanza kazi anavyosimulia vita vya Zanzibar vya 1896, kati ya Waingereza na Khalid aliyejitwalia usultani, amesimama na wageni wake mbele ya Beit al-Ajaib, jumba ambalo Waingereza huliita House of Wonders. Kosa la sarufi halimo hata moja. Kila sentensi ina mtendaji na kitenzi, na mgeni anaelewa kila neno. Asichokipata ni uhusiano wa mambo: Waingereza walikasirishwa na nini, muda aliopewa Khalid ulikuwa wa kufanya nini, na mizinga ilipigwa kwa kosa gani.

Msikilize sasa aliyeizoea kazi: "When Sultan Hamad died on 25 August, Khalid entered the palace although the British had not agreed. They told him that they would fire unless he left by nine o'clock on the 27th. Because he refused to come out, the ships opened fire." Matukio ni yale yale, na saa ni ile ile, saa tatu asubuhi. Yameongezeka maneno madogo matano: "when", "although", "that", "unless" na "because". Hivyo ni viunganishi, na kila kimoja kimeanzisha kishazi tegemezi.

Kishazi ni fungu la maneno lenye kitenzi chake. Kikiwa huru, kinaweza kusimama peke yake na kikaitwa sentensi: "the ships opened fire." Kikiwa tegemezi, kitenzi kimo na mtendaji yumo, lakini msikilizaji anabaki anangoja. Mwambie mtu "because he refused to come out" kisha unyamaze, atakutazama usoni mpaka umalizie. Kinachomngojesha ni lile neno la mwanzo tu. Liondoe, ibaki "he refused to come out", na kishazi kinasimama chenyewe. Hiyo ndiyo njia nyepesi ya kukitambua kishazi tegemezi. Maneno kama "and", "but" na "or" hayana nguvu hiyo. Yanaunganisha vishazi viwili vyenye hadhi sawa, hakuna anayemtegemea mwenzake.

Hadi hapo hakuna jambo geni, maana na sisi tunavyo viunganishi vyetu: kwa sababu, ingawa, ili, mpaka, kwamba. Ugumu unaanzia kwenye tabia moja ya Kiswahili ambayo hatuioni kwa kuwa tumezaliwa nayo. Sehemu kubwa ya kazi hii sisi tunaifanya ndani ya kitenzi. Tunasema "sultani alipofariki", "asipotoka watapiga", "akikataa", "angetoka". Kile ambacho Mwingereza anakisema kwa "when", "unless" na "if", kwetu kimo kwenye -po-, -sipo-, -ki- na -nge-. Kitenzi cha Kiingereza hakina nafasi ya viambishi kama hivyo. Uhusiano wote hubebwa na neno lililotangulia, na likishatajwa, kitenzi hakirudii.

Sisi tunarudia. Madaftari ya skuli yamejaa makosa ya namna hii, na ukiyachungua mengi yana mzizi mmoja: uhusiano umetajwa mara mbili, mara kwa kiunganishi na mara kwa kitenzi.

Chukua sentensi ya bandarini: "Boti itakapofika, nitakupigia simu." Wakati ujao tumeuweka pande zote mbili, "itakapofika" na "nitakupigia", na ni Kiswahili safi. Anayeihamisha kama ilivyo huandika "When the boat will arrive, I will call you." Kiingereza kinataka "When the boat arrives, I will call you." Kishazi huru kimeshasema kwamba jambo ni la baadaye, na "when" imeshasema kwamba kufika kwa boti ndiko kutakakotangulia. "Will" ya pili haina kazi. Ni hivyo hivyo kwa "after", "before", "until", "as soon as", na kwa "if" ya sharti.

Hapa wanafunzi makini huuliza, na wana haki: mbona Mwingereza husema "I don't know when the boat will arrive"? Husema, tena ni sahihi. Tofauti ni kazi ya kishazi. Katika ile ya kwanza, kishazi cha "when" kinaeleza simu itapigwa lini. Katika hii, kishazi chenyewe ndicho kitu nisichokijua. Ni swali lililomezwa na sentensi, na swali lina ruhusa ya kubaki na wakati ujao wake. Kwa ajili hiyo, kukariri kwamba "will" haikai kamwe baada ya "when" hakufai. Jiulize kishazi kinafanya kazi gani.

"Before" inatutega kwa namna nyingine. Msimu wa karafuu Pemba, majamvi yametandikwa uani na wingu linapanda, mtu hupiga kelele: "Anueni karafuu kabla mvua haijanyesha!" Tumekanusha kitenzi, na kwetu ni lazima, maana wakati huo mvua kweli haijanyesha. Kiingereza hakikanushi. "Bring in the cloves before it rains," basi. Anayeandika "before the rain has not fallen" anamchanganya msomaji, kwa sababu "before" tayari inaonyesha kwamba jambo halijatokea.

Ndugu yake ni "unless". Hiyo imebeba ukanushaji tumboni mwake, kama vile -sipo- yetu. "Usipolipa nauli, hupandi" ni "Unless you pay the fare, you can't get on." Ukiandika "unless you don't pay" umekanusha mara mbili, na maana yako imepinduka: sasa ni asiyelipa ndiye anayepanda! Kwa anayejifunza, mimi hupendelea aanze na "if you don't pay". Ni ndefu kidogo, ila inafuata njia tuliyoizoea na haimwangushi mtu.

Kisha kuna sharti lililopita. "Khalid angetoka kabla ya saa tatu, meli zisingepiga." Sisi tunaweka -nge- huku na huku. Kiingereza huweka "would" upande mmoja tu, wa kishazi huru: "If Khalid had come out before nine, the ships would not have fired." Ile ya "if he would have come out" utaisikia hata kwa baadhi ya Wamarekani wakizungumza, lakini kwenye karatasi ya mtihani itakatwa.

"Although" ndiyo inayowasumbua hata watu wazima. Kiswahili cha kila siku kinakubali jozi ya "ingawa" na "lakini": "Ingawa mizinga ilibomoa Beit al-Hukm, lakini Beit al-Ajaib ilibaki imesimama." (Beit al-Hukm ni jumba lililokuwa jirani yake.) Hakuna atakayekurudi. Kiingereza kinataka uchague moja. Ama "Although the guns destroyed Beit al-Hukm, the House of Wonders remained standing," ama "The guns destroyed Beit al-Hukm, but the House of Wonders remained standing." Sababu ni ile tuliyoiona kuhusu hadhi. "Although" inakifanya kishazi kimoja kiwe tegemezi. "But" inadai viwili vilivyo sawa. Beit al-Ajaib ilijengwa 1883, na mwongoza watalii wa leo anahitaji kiunganishi hicho hicho kwa habari ya karibu zaidi: "Although it survived the guns of 1896, part of it collapsed in December 2020." Jozi ya "because" na "so" nayo hukatazwa kwa sababu hiyo hiyo.

Kuna maneno yanayofanana na viunganishi hivi kwa maana, ila hufuatwa na jina badala ya kishazi. "Because the wind was strong" ina kitenzi. "Because of the wind" haina. "While we were fasting" ni kishazi. "During Ramadan" sicho. "Although" hutaka kitenzi chenye mtendaji wake, "despite" hutaka jina. Nayo "before", "after", "until" na "since" hufanya kazi zote mbili, kwa hiyo "after prayers" na "after we had prayed" zote ni sawa.

"Since" ina jambo la ziada: huweza kuwa ya muda, "since I left Wete", au ya sababu, "since the boat is full, let's wait for the next one." Muktadha huamua. "That" ni nyepesi kuliko zote, kwani katika mazungumzo mara nyingi huachwa: "They say the boat is full," kama sisi tusemavyo "wanasema boti imejaa" bila kutaja kwamba.

Kuhusu mkato, kishazi tegemezi kikitangulia, weka mkato kinapoishia. Kikifuata, kwa kawaida mkato hauhitajiki. Kipi kitangulie ni hiari ya msemaji, na kwa kawaida cha mwisho ndicho kinachobaki sikioni.

Limebaki swali la Mwingereza mwenyewe kusema kishazi tegemezi peke yake. Ukimuuliza "Why are you late?" atajibu "Because the daladala broke down," na hakuna kosa, maana kishazi huru kimo kwenye swali lako. Barua ya kuomba kazi hotelini Nungwi au Paje haina swali la kuegemea. Anayeandika "I would like to work as a receptionist. Because I speak three languages." ameacha kishazi kinaelea. Afute nukta ya kati, na "Because" ianze kwa herufi ndogo.